Mjomba kaambiwa aanze kusafishwa damu, ndugu wanasema ukiingia kwenye mashine hutoki. Ni kweli?

#1 Mluguru_Mpole
Wakuu, salama? Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mjomba wangu ana miaka 46, fundi wa kuchomelea mageti. Miguu ilianza kuvimba tangu mwezi wa Ramadhani, tukadhani ni kusimama sana kazini. Ikaja kwikwi isiyoisha, kichefuchefu kila asubuhi, na mwili kuwasha mpaka anajikuna kwa gunzi. Juzi hospitali ya mkoa wakatupa rufaa ya Dar. Majibu: kreatinini (ile taka ya damu inayopima kazi ya figo) 1,240, potasiamu 6.4, damu 6.8, presha 200 kwa 115. Daktari kasema figo zote mbili zimefeli, aanze dayalisisi haraka.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Mama anataka aanze. Mjomba mkubwa anasema kijijini kwao watu watatu waliwekwa kwenye mashine na wote wamezikwa, na kwamba ukishaanza, figo zinadeka, zinaacha kazi moja kwa moja. Kuna mzee upande wa Turiani ana dawa ya mizizi, anataka mgonjwa apitishwe huko kwanza.

Swali langu: ni kweli mashine inamalizia figo? Na mtu wa miaka 46 figo zinakufaje zote mbili kwa mpigo?

#2 Chumvi_ya_Uvinza
Pole sana mkuu. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Bwana Kasoro
Fundi wa kuchomelea, miaka 46, Morogoro. Jibu liko kwenye kopo. Hivi vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kibanda ndivyo vinavyotumaliza. Muulize alikuwa anakunywa makopo mangapi kwa siku.

#4 Nesi wa Zamu
Mleta mada, mizizi na makopo tutajadili baadaye. Sasa hivi kitu cha kuogopa kwenye karatasi yako ni potasiamu 6.4. Kawaida haizidi 5 na kidogo. Ikiendelea kupanda moyo unapoteza mpangilio wa mapigo na kusimama, na mgonjwa anaweza kuwa anaongea na wewe dakika tano kabla. Hakuna mzizi unaoshusha hiyo. Kwa kweli majani na mizizi mingi ina potasiamu yenyewe, mnaweza kuongeza.

Kuhusu mashine kuua figo: wale watatu wa kijijini nadhani waliletwa walipokuwa hoi, wamejaa maji kwenye mapafu, wengine wameanza kuchanganyikiwa. Hao ndio tunaowapokea wengi. Akifa baada ya wiki mbili, sifa mbaya inabaki kwa mashine.

Pia kuna makundi mawili ya figo kufeli. Moja ni la ghafla: malaria kali, kuhara sana, kifafa cha mimba, kutokwa damu nyingi, sumu. Hao wengi husafishwa kwa wiki kadhaa, figo zinaamka, wanarudi nyumbani bila mashine. La pili ni la miaka mingi, chujio linakufa polepole. Hao ndio hawatoki kwenye mashine mpaka wapandikizwe figo, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuamka.

Ultrasaundi imesema nini? Nipe urefu wa figo.

#5 Mzee wa Matombo
Nesi heshima yako, ila usitupake mafuta. Shemeji yangu aliingia kwenye mashine akiwa anakojoa vizuri tu. Baada ya miezi michache mkojo ukawa wa kijiko, baadaye ukakata kabisa. Utaniambia nini?

#6 Nesi wa Zamu
#5, baba, hilo la mkojo ni kweli na silikatai. Mashine ikivuta maji mengi kwa haraka presha inashuka, figo zilizochoka zinakosa damu, na kile kidogo zilichokuwa zinafanya kinapungua. Ndiyo maana tunabembeleza mkojo uliobaki: kuvuta taratibu, kukwepa dawa za maumivu, kukwepa presha kudondoka. Lakini shemeji yako asingeanza, mkojo ungekata hivyo hivyo na yeye angeenda nao. Figo hazideki.

#7 Bwana Kasoro
"Kile kidogo zilichokuwa zinafanya kinapungua." Kwa hiyo mjomba mkubwa ana robo ya ukweli. Niliwaambia.

#8 Fundi Vifaatiba
Hujatuambia chochote #7, ulisema makopo.

Mimi kazi yangu ni hizi mashine, ngoja nieleze maana watu wanaziogopa bila kujua kinachofanyika. Mgonjwa anatolewa damu kidogo kidogo, kama mililita 300 kwa dakika, inapita kwenye chujio na kurudi mwilini. Wakati wowote damu iliyo nje ya mwili haifiki hata nusu lita. Inawekwa heparini isigande.

Chujio lenyewe ni bomba la plastiki la urefu wa futi moja hivi. Ndani kuna nyuzi kama elfu kumi, kila uzi una tundu, kipenyo cha ndani karibu milimita 0.2. Damu inapita ndani ya nyuzi. Nje ya nyuzi yanapita maji ya dawa, mililita 500 kwa dakika, yakielekea upande wa kinyume na damu. Ukuta wa uzi una vitundu ambavyo chembe za damu na protini kubwa haziwezi kupita, lakini urea, kreatinini na potasiamu zinapita. Maji yale yametengenezwa yakiwa na potasiamu kidogo, kwa hiyo ya kwenye damu inahamia huko. Yana bikaboneti nyingi, kwa hiyo hiyo inahamia kwenye damu kupunguza asidi. Kinyume kinyume kile ndicho kinachofanya tofauti ibaki kubwa kutoka mwanzo wa chujio hadi mwisho. Maji ya ziada mwilini yanavutwa kwa mgandamizo, na mashine inapimiwa: leo toa lita mbili, basi.

Mwisho wa awamu tunarudisha damu yote kwa maji ya chumvi. Chujio likibaki jeupe, kazi imeenda vizuri. Likibaki na michirizi myekundu, kuna nyuzi zimeganda, na hapo tunajua heparini haikutosha au mshipa hautoi damu vizuri.

Figo hai zinachuja kama lita 180 kwa siku, usiku na mchana, wiki nzima masaa 168. Mashine unaipata masaa manne mara tatu, jumla 12. Sasa mtu akiniambia mashine "inazidi nguvu figo" nacheka.

#9 Chumvi_ya_Uvinza
500 kwa dakika kwa masaa manne ni lita 120! Mtu mmoja! Huku kwetu maji ya mgao tunaamka saa tisa usiku kuyakinga.

#10 Fundi Vifaatiba
#9 umepiga hesabu sawa. Na si ya bombani hivi hivi. Mtu mzima wa kawaida anakunywa lita mbili na utumbo unamkinga. Huyu anakutanishwa na lita 120 karibu na damu yake, ukuta ni ule uzi tu. Klorini ya bomba ikipita inapasua chembe nyekundu. Kwa hiyo nyuma ya kila chumba cha mashine kuna chumba kingine ambacho wageni hawakioni: matangi, mkaa wa kunyonya klorini, kilainishi, halafu utando wa kusukumia maji kwa nguvu. Mimi asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza napima klorini. Ikionekana hata kidogo, hakuna anayeunganishwa, watu wanune wasinune.

Mwaka 1996 mji wa Caruaru, Brazili, kituo kimoja kilitumia maji ya bwawa lililokuwa na sumu ya mwani. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Mashine hazikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kwenye maji.

#11 Mzee wa Matombo
Sasa hapo ndipo umenitisha zaidi.

#12 Mluguru_Mpole
Nashukuruni. Nimepata karatasi ya ultrasaundi: figo ya kulia sentimita 7.4, ya kushoto 7.1, "zinang'aa kuliko kawaida", hakuna mawe, hakuna kuvimba kwa mirija. Mkojo una protini nyingi. Kisukari hana.

Historia nimemhoji jana. Ujana wake alikata miwa Kilombero misimu kadhaa. Mgongo unamsumbua tangu hapo, anameza dikilofenaki karibu kila siku, nyingine anachomwa sindano duka la dawa. Presha aliwahi kuambiwa miaka ya nyuma akapewa vidonge, akaacha kwa sababu hakuwa anaumwa. Mizizi amekunywa, ya nguvu za kiume na ya mgongo. Na #3, ndiyo, kopo moja au mawili kila siku. Utotoni alikojoa damu kama watoto wengi wa kule mabondeni.

#13 Bwana Kasoro
Makopo!

#14 Mzee wa Matombo
Huyu mjomba ni mtihani wa taifa, kila jibu lipo.

#15 Nesi wa Zamu
Figo ya mtu mzima ni sentimita 10 mpaka 12. Saba maana yake zimesinyaa, ni kazi ya miaka. Hazikufa kwa mpigo, mleta mada. Mtu anaweza kubaki na sehemu ndogo sana ya uwezo wa figo asihisi kitu. Ile kwikwi na muwasho ni dalili za mwisho wa safari.

Kwangu mimi ni presha. Miaka kumi bila vidonge, hata chuma kingesinyaa.

#16 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
Nesi mwanangu, naomba nikupinge kidogo. Presha inaua figo, na figo zikiumwa zinapandisha presha. Ukimkuta mtu mwishoni na presha 200 na figo za sentimita saba, huwezi kuapa nani alianza. Vijana wengi wa umri huu nilikuwa nawaandikia "presha" kwa kuwa hakuna kingine cha kuandika, kumbe huenda ugonjwa wa vichujio vyenyewe ulikuwepo tangu utoto na presha ikaja baadaye. Protini nyingi kwenye mkojo inanisukuma huko. Kipimo cha kukata kinyama kingejibu, lakini kwenye figo zilizosinyaa hivi hakuna daktari atakayechoma, hatari ni kubwa na majibu yatakuwa makovu matupu.

Kichocho cha utotoni nakiondoa. Kingeharibu kwa kuziba mirija, na ultrasaundi ingeonyesha figo zimevimba maji.

#17 Kimamba_Juu
Mimi naangalia ile miwa. Kule El Salvador na Nikaragua wakata miwa vijana wamekufa kwa figo kwa maelfu, hawana kisukari, wengi hawana presha ya maana. Wanakata kwenye jua kali, jasho linawaisha, maji hawanywi ya kutosha, kesho tena. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama ni joto, dawa za kuulia wadudu au vyote. Nimekulia kambini huko Kilosa kwenye mkonge, joto lile nalijua.

#18 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
#17 hoja nzuri. Ila wale wa Amerika ya Kati presha huwa si ya juu hivi na protini kwenye mkojo ni kidogo. Huyu ana 200 na protini nyingi. Siifungi hiyo milango, naibana tu.

#19 Binti Mkunazini
Assalaam aleikum. Hamjauliza mkorogo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu waliovimba mwili mzima, wengi wao walikuwa wanajipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi inatua kwenye figo.

#20 Chumvi_ya_Uvinza
Fundi mageti na mkorogo wapi na wapi 😂

#21 Binti Mkunazini
Ndugu yangu, nenda saluni yoyote ya kiume Jumamosi jioni ukaone foleni.

#22 Nesi wa Zamu
😂 Ni kweli lakini. Ila wale wa krimu wengi wakiacha protini inapungua na wanapona, si kufika saba.

Dikilofenaki kwangu ni ya pili baada ya presha. Dawa za kundi lile (na ibuprofeni) zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Mtu mzima wa afya aliyekunywa maji anavumilia. Ukiwa umekauka jasho, au unatumia vidonge fulani vya presha pamoja na vya kukojoza, figo zinakaukiwa. Kwa maumivu ya mgonjwa wa figo, parasetamoli kwa kipimo ndiyo salama zaidi.

#23 Bwana Kasoro
Na makopo je?

#24 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
Kasoro, ushahidi wa makopo kusinyaza figo ni hafifu. Sukari yake inaleta unene na kisukari, kafeini inapandisha presha kwa muda. Siyasifii. Ila hukumu ya kunyonga bado.

#25 Bwana Kasoro
Hafifu si sifuri.

#26 Mama Swaumu
Mleta mada, acha hao wabishane. Mimi ni mke wa mgonjwa, mume wangu yuko kwenye mashine miaka sasa na bado anafungua duka. Nikwambie wasiyokwambia madaktari.

Ataanza na mrija wa shingoni. Ule mrija ni wa muda na ndio unaoleta balaa. Akiunganishwa tu, akaanza kutetemeka baridi dakika kumi za mwanzo, usikubali uambiwe ni kiyoyozi. Ni wadudu wameingia kwenye mrija, apimwe damu na apewe dawa siku hiyo hiyo. Asioge kwa kumwagia maji kifuani, bandeji isiloe.

Halafu ombeni mapema afanyiwe fistula ya mkono. Daktari wa upasuaji anaunganisha mshipa wa ateri na wa vena pale mkononi, vena inapata damu ya nguvu inanenepa. Inachukua wiki sita au zaidi kukomaa. Mume wangu alikuwa anakamua mpira wa soksi kutwa nzima dukani. Ikikomaa unaweka vidole unasikia mtetemo, ukilaza sikio unasikia vuuu, vuuu. Kila asubuhi kabla ya chai mimi naweka vidole. Siku mtetemo ukikata, siku hiyo hiyo hospitali, kesho ni kuchelewa. Mkono ule hakuna kupima presha, hakuna kutoboa damu, hakuna kubeba ndoo, hakuna kuulalia. Manesi wa zahanati wakitaka kuufunga mkanda wa presha, gomeni.

#27 Fundi Vifaatiba
#26 asante mama. Weka na la chanjo ya homa ya ini B, apate mapema. Mwenye virusi hivyo anatengewa mashine yake.

#28 Mluguru_Mpole
Mama Swaumu ubarikiwe. Chakula je? Kila mtu ana orodha yake, bibi anampa madafu "yasafishe figo".

#29 Mama Swaumu
Madafu yafiche! Madafu ni potasiamu tupu. Ndizi mbivu, parachichi, machungwa, nyanya nyingi, maharage, viazi, mchicha, hizo ndizo za kuangalia. Si kwamba hali kabisa. Viazi na mboga nakata vipande vidogo, naloweka kwenye maji mengi, namwaga, nachemsha kwa maji mapya, namwaga tena, ndipo naunga. Ladha inapungua, amezoea. Supu ya mboga asinywe, potasiamu yote imehamia humo.

Wali mweupe na ugali wa sembe havina shida kubwa. Samaki, yai na kuku anakula, tena anatakiwa, maana akiwa kwenye mashine protini inapotea. Kabla ya mashine walitwambia apunguze nyama, baada ya mashine wakasema aongeze. Tulichanganyikiwa.

#30 Nesi wa Zamu
Sahihi yote. Ongeza fosforasi: dagaa, maziwa, soda nyeusi. Ndiyo inayochangia ule muwasho wa gunzi. Vile vidonge vya kalisi vya kuikamata vinamezwa katikati ya chakula. Ukimeza saa mbili baadaye havina cha kukamata.

#31 Binti Mkunazini
Na birimbi? Kwetu achari haikosekani mezani.

#32 Nesi wa Zamu
Birimbi ina oksaleti nyingi, kuna watu wazima wazima waliokunywa juisi yake na figo zikafeli ghafla. Mgonjwa wa figo aikwepe. Na yule ndugu yake tunda la nyota ndiyo kabisa, lina sumu ya ubongo ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Mgonjwa anaanza na kwikwi, anachanganyikiwa, anaweza kufa.

#33 Jamaa wa Nakuru
Poleni majirani. Huku Kenya NHIF, bima ya afya ya taifa, ilikuwa inalipa shilingi 9,500 kwa kila awamu, mara mbili kwa wiki. Ilipokuja SHA, iliyochukua nafasi yake, Oktoba 2024 mambo yakayumba, baadaye kiwango kikapandishwa kuwa 10,650. Kuna vituo hadi kaunti za mbali. Nyinyi Bongo mnalipaje?

#34 Mama Swaumu
Tunalipa kwa machozi. Tulikoanza sisi kabla ya bima ilikuwa zaidi ya laki mbili kila awamu, zidisha tatu kwa wiki. Tuliuza kiwanja. Watu wengi wanajipunguzia wenyewe, mara mbili, wengine mara moja, ndipo unasikia "mashine imemuua".

#35 Mzee wa Matombo
Sheria ya bima kwa wote si ilipita 2023?

#36 Mama Swaumu
Ilipita baba. Na mimi nilipita dirisha la malipo jana.

#37 Fundi Vifaatiba
Nimeona #34, ni kweli. Ukisoma takwimu za nje, hata wanaosafishwa mara tatu vifo vinapanda baada ya lile pengo la siku mbili za mwisho wa wiki. Sasa mtu anayekaa siku sita?

#38 Kijana_wa_Makete
Nachangia kisa. Babu alikuwa na kisukari, anachoma insulini. Ghafla sukari ikaanza kushuka yenyewe, insulini ikapunguzwa, mwisho akaacha. Wakati huo alikuwa anatumia dawa ya mganga wa Mbeya, ukoo mzima ukaenda kushukuru na kuku wawili. Kumbe figo zilikuwa zimefeli, insulini inakaa mwilini muda mrefu kwa sababu hakuna wa kuiondoa. Mganga alipata wateja wengi mwaka ule.

#39 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
Hicho kisa nimekiona mara nyingi. Mwenye kisukari ambaye sukari "imepona" bila kubadili chochote, apime kreatinini kabla ya kuchinja.

#40 Chumvi_ya_Uvinza
Sisi wazima tufanyeje? Nimeanza lita tano za maji kwa siku tangu nisome uzi huu.

#41 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
Punguza, utahamia chooni. Kanada waliwahi kuwaongezea maji wagonjwa wa figo wa hatua ya kati kwa mwaka mzima, matokeo waliyochapisha 2018 hayakuonyesha figo kudumu zaidi. Fuata kiu na jua. Pima presha, sukari, na protini kwenye mkojo. Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo na kinaona tatizo miaka kabla ya miguu kuvimba. Likionekana mapema kuna vidonge, losartani na wenzake, na siku hizi kuna vya kisukari vinavyolinda figo hata za asiye na kisukari.

#42 Mpenda Kale
Mnajua mashine ya kwanza ilifungwa kwa ngozi ya soseji? Willem Kolff, Uholanzi, 1943, nchi iko chini ya Wajerumani. Alizungushia mirija ya selofani ya soseji kwenye pipa la mbao linalozunguka ndani ya maji ya chumvi. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walikufa. 1945 ndipo mama mmoja wa miaka 67 alipozinduka. Kusafishwa kwa miaka kukawezekana 1960 Seattle, Belding Scribner alipobuni mrija wa kudumu mkononi. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11.

#43 Mzee wa Matombo
Hao wa mwanzo walikuwa na mjomba mkubwa wao pia, naamini. "Niliwaambia soseji inaua."

#44 Mluguru_Mpole
Taarifa fupi. Ameanza. Walimweka masaa mawili tu mara ya kwanza, wakasema uchafu ukitolewa haraka ubongo unavimba. Kichwa kiliuma, akatapika mara moja, usiku akalala bila kwikwi. Mjomba mkubwa anasema kwikwi imeondoka kwa sababu ya mizizi aliyomnywesha Jumapili kwa siri.

#45 Nesi wa Zamu
Jumapili?? Waambie madaktari leo hii kanywa nini. Potasiamu irudiwe.

#46 Bwana Kasoro
Na kupandikiza je? Muhimbili walianza 2017, Benjamin Mkapa Dodoma 2018. Mjomba mkubwa atoe moja, anazo mbili na anazisemea sana.

#47 Mluguru_Mpole
Mdogo wake wa kike kajitolea kupimwa. Mumewe hataki, anasema hakuoa mke mwenye figo moja.

#48 Mama Swaumu
Huyo mume aletwe humu.

#49 Daktari Mstaafu wa Mafuriko
Dada apimwe kwa makini zaidi ya kawaida. Kama shida ni ile ya vichujio tangu utoto, na ni ya kurithi kama ninavyoshuku, inaweza kuwa imelala kwake pia. Kama ni dikilofenaki au presha, hesabu ni nyingine. Ndiyo maana nabishana kuhusu chanzo, si kwa kupenda ubishi.

#50 Nesi wa Zamu
Mimi bado presha.

#51 Kimamba_Juu
Na mimi bado miwa.

#52 Jamaa wa Nakuru
Swali la pembeni: jirani yangu anayesafishwa damu anakuja kila awamu na kilo tano za maji yaliyojaa mwilini, nesi anamfokea. Anasema kiu haivumiliki.

#53 Nesi wa Zamu
Kiu yake inaanzia kwenye chumvi. Apunguze chumvi kwanza, maji yatajipunguza. Anaruhusiwa kunywa maji sawa na kiasi cha mkojo wa jana yake na nusu lita juu yake, uji na chai na mchuzi vikihesabiwa. Mtu wa kilo 60 kwa masaa manne usimvute zaidi ya lita tatu hivi. Ukizidisha misuli inakakamaa na presha inadondoka.

#54 Jamaa wa Nakuru
Ana kilo 58 na jana alitoka harusini. Pilau, kachumbari, soda.

#55 Fundi Vifaatiba
Kesho asubuhi mashine ya huyo nisingependa kuwa mimi ninayeisimamia.